Wasomaji Wanauliza: Siku za Msafiri wa Miguu Nyikani

Tangu safu hii ilipogusia maandalizi ya safari ndefu za miguu, zile ambazo mtu hubeba hema, chakula na matandiko yake mgongoni kwa wiki kadhaa au hata kwa miezi, barua nyingi zimekuja zikiuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: siku yenyewe hupitaje? Nimechagua maswali yanayohusu mambo madogo ya kila siku, kwa kuwa naamini hayo ndiyo yanayoamua nani atafika mwisho wa njia na nani atarudi nyumbani mapema.

Swali: *Mimi ni mzoefu wa matembezi ya siku moja, lakini sijawahi kulala nyikani usiku mbili mfululizo. Naomba unieleze siku ya kawaida ya msafiri wa njia ndefu huanza na kuisha vipi, na kama ni kweli kwamba mtu hutembea kutwa nzima bila kupumzika.*

Jibu: Si kweli, na anayejaribu kufanya hivyo kwa kawaida hakawii kuumia. Chukua mfano wa Appalachian Trail ya mashariki mwa Marekani, njia iliyokamilika mwaka 1937, ambayo hupita katika majimbo 14 na ina urefu wa kilomita 3,500 hivi. Wanaoitembea yote kwa mkupuo mmoja huchukua miezi mitano hadi saba, yaani wastani wa kilomita 17 hadi 23 kwa siku ukijumlisha na siku za kupumzika. Umbali huo haumtishi mtu mwenye afya. Kazi iko katika kuurudia kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, mvua ikinyesha au jua likiwaka, huku mwili ukiwa haujalipa deni la jana.

Kwa hiyo siku hupangwa kwa kuulinda mwili wa kesho. Wasafiri wengi huamka alfajiri, mnamo saa kumi na moja, nao huondoka mara tu wanapoweza kuona njia bila tochi. Hawaamki mapema kwa ajili ya kujitesa. Milimani, hasa wakati wa kiangazi, mawingu ya radi hujikusanya mchana, na mtu anayetaka kuvuka mgongo wa mlima usio na miti hana budi kuwa ameshateremka upande wa pili kabla ya adhuhuri. Mito inayotokana na theluji inayoyeyuka nayo huwa na maji machache asubuhi, kwa sababu usiku wa baridi umezuia theluji isiyeyuke. Mto unaovukika kwa maji ya magotini saa moja asubuhi huweza kufika kiunoni ifikapo saa kumi jioni. Ukiuvuka, fungua mkanda wa kiunoni wa shanta lako, yaani mfuko wa mgongoni, ili ukianguka uweze kuliacha shanta liende na wewe ubaki.

Kukadiria muda, wengi bado wanatumia kanuni aliyoitoa mpanda milima William Naismith wa Scotland mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo haihesabu mapumziko wala uzito wa shanta, hivyo mwenye mzigo mzito aongeze muda bila kuona haya. Mapumziko ya dakika kumi kila baada ya saa moja na nusu hivi, viatu vikiwa vimevuliwa na miguu imeinuliwa juu ya shanta, husaidia kuliko pumziko moja refu la mchana ambalo baada yake misuli huwa imekakamaa na mtu huanza upya kama mgonjwa.

Jambo ambalo wageni wa njia hulipuuza ni saa ya kusimama. Fika kambini saa mbili kabla ya jua kuzama, ingawa miguu bado inakudai uendelee. Muda huo ndio wa kuchagua mahali pa kulala, na mahali pabaya huharibu siku ya pili yote. Usilale chini kabisa bondeni, kwa kuwa hewa baridi ni nzito nayo huteremka na kutuama huko usiku, ikileta umande mzito ndani ya hema. Panda kidogo, hata mita ishirini au thelathini, utaona tofauti. Tazama juu kabla ya kutazama chini, kwani tawi kavu lililoning'inia ni hatari kuliko mnyama yeyote. Kaa mbali na maji, angalau mita 60, ili usiyachafue na ili usiwazuie wanyama wanaokuja kunywa usiku.

Kisha kazi hufuatana kwa mpangilio ule ule kila jioni: hema, nguo kavu, maji, chakula, miguu. Mpangilio usiobadilika ni wa thamani kubwa kwa mtu aliyechoka, kwa kuwa mikono huendelea kufanya kazi hata akili ikiwa imeshalala. Ndivyo ilivyo pia kwa shanta. Kila kitu kina mahali pake pa kudumu, na tochi ya kichwani huwekwa pale ambapo unaweza kuipapasa gizani. Ifikapo saa tatu usiku kambi nzima huwa kimya, na mtu anayeongea kwa sauti wakati huo huonwa kuwa hana adabu.

Swali: *Kila nikitembea zaidi ya siku mbili, nyayo na visigino hunitoka malengelenge. Rafiki zangu wananiambia ninunue viatu vizito zaidi. Je, wako sahihi?*

Jibu: La, na nadhani ushauri huo umewaumiza watu wengi. Malengelenge hutokana na mambo matatu yanayokutana mahali pamoja: joto, unyevu na msuguano. Kiatu kizito kisichopitisha hewa huongeza mawili ya kwanza bila kupunguza la tatu. Isitoshe, imeonekana kwamba uzito uliofungwa mguuni humchosha mtembeaji karibu mara tano kuliko uzito huo huo ukiwa mgongoni, na hiyo ndiyo sababu wengi wa wasafiri wa njia ndefu wamehamia kwenye viatu vyepesi vya kukimbilia njia za milimani. Viatu hivyo havidumu. Jozi moja huchakaa baada ya kilomita 500 hadi 800, hivyo anayetembea Pacific Crest Trail ya magharibi mwa Marekani, yenye kilomita 4,265 kutoka mpaka wa Meksiko hadi mpaka wa Kanada, hupanga tangu mwanzo kubadilisha viatu mara kadhaa. Nunua viatu vikubwa kidogo kuliko kawaida yako, kwa kuwa mguu unaobeba mzigo kila siku huvimba na kutanuka.

Lakini dawa kubwa zaidi ni kusimama kwa wakati. Kabla lengelenge halijatoka, mahali hapo huanza kuwaka moto kidogo, kama pameguswa na kitu chenye joto. Ishara hiyo hudumu kwa dakika chache tu, na karibu kila mtu hujiambia atasimama akifika kileleni au kwenye kijito kinachofuata. Simama pale pale, ndugu yangu. Keti, vua kiatu na soksi, ipindue soksi na kuikung'uta mchanga, kisha uache mguu ukauke kabisa kwenye hewa. Papasa kwa kidole gumba mpaka upate mahali penyewe. Ngozi itakuwa nyekundu na yenye joto kuliko sehemu nyingine. Kata kipande cha plasta ya kitambaa kinachopita pembeni mwa mahali hapo kwa upana wa kidole, uzipunguze pembe zake ziwe za mviringo ili zisije zikabanduliwa na soksi, kisha uibandike bila mkunjo hata mmoja, kwa kuwa mkunjo wenyewe huzaa lengelenge jingine. Vaa soksi kavu, na ile ya unyevunyevu uifunge nje ya shanta ikauke ukitembea. Kazi hiyo yote huchukua dakika kumi, ilhali lengelenge lililopasuka na kuingia uchafu huchukua wiki.

Kama limeshatoka na linauma, lisafishe kwa sabuni, choma sindano motoni, litoboe pembeni upande wa chini ili maji yatoke, na usiiondoe ngozi ya juu, kwa sababu ndiyo kifuniko bora cha kidonda. Lifunike na ulichunguze kila jioni. Ukiona wekundu unaosambaa, usaha au homa, safari isimame mpaka umwone daktari.

Neno jingine kwa wanaoanza: mapafu na misuli huzoea njia mapema, pengine ndani ya wiki mbili au tatu, lakini kano na mifupa huchelewa sana. Mtu hujisikia ana nguvu, huongeza kilomita, na wakati huo huo mfupa wa mguu wake unaanza kupata ufa. Anza na kilomita 12 hadi 15 kwa siku hata kama unajiona unaweza kwenda mara mbili yake.

Swali: *Nimesikia kwamba njaa ya safari hizi si ya kawaida. Mtu hula nini, na hubeba chakula cha siku ngapi?*

Jibu: Njaa hiyo ni ya kweli. Siku za kwanza wengi hukosa hamu ya kula kwa sababu ya uchovu na joto, kisha katika wiki ya pili au ya tatu mwili huamka na kudai. Mtu anayetembea na mzigo kutwa nzima hutumia kalori 3,000 hadi 5,000 kwa siku, kutegemea mwili wake, miinuko na baridi, na ni wachache mno wanaoweza kubeba na kula kiasi hicho. Wengi hupungua uzito, nao hufidia kidogo wanapofika mjini.

Hesabu ya chakula hufanywa kwa uzito. Gramu moja ya wanga au ya protini hutoa kalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Ndiyo maana njugu, siagi ya karanga, jibini kavu na chupa ndogo ya mafuta ya kupikia huonekana katika kila mfuko wa chakula, na ndiyo maana matunda mabichi na vyakula vya makopo huachwa mjini, kwa kuwa kuvibeba ni kubeba maji na bati. Ukichagua vizuri, gramu 700 hadi 900 zinatosha kwa siku moja. Kwa kuwa vituo vya kununua akiba huwa umbali wa siku tatu hadi saba, mtu huondoka mjini na mzigo wa kilo mbili hadi sita za chakula pekee, naye huipenda siku ya mwisho kabla ya mji kwa sababu shanta limekuwa jepesi.

Usinunue chakula kimoja cha miezi yote na kujitumia kwa posta kabla ya kuondoka. Ulimi hubadilika njiani kuliko unavyodhani, na kile ulichokipenda nyumbani utakichukia kufikia wiki ya nne. Jitumie vifurushi tu pale ambapo njiani hapana duka la maana. Kula kidogo kidogo kila baada ya saa moja au mbili badala ya kungoja mlo mkubwa. Mtu aliyeacha tumbo lishuke kabisa huanza kujikwaa na kukasirikia vitu visivyo na kosa, kama mawe na matawi.

Usiku, chakula na kila chenye harufu, dawa ya meno ikiwemo, hakilali ndani ya hema. Penye dubu, tumia chombo kigumu kilichoruhusiwa na wasimamizi wa eneo hilo, au utundike mfuko juu, angalau mita 4 kutoka ardhini na mita 2 kutoka kwenye shina la mti. Wengi hujiandaa kwa wanyama wakubwa tu, lakini mwizi wa kila siku ni panya, ambaye hutoboa hema jipya kwa ajili ya makombo yaliyosahauliwa mfukoni mwa koti.

Swali: *Je, maji ya kijito kilicho safi, mbali na makazi ya watu, yanahitaji kutakaswa?*

Jibu: Ndiyo, kila mara. Wanyama wa porini hubeba vimelea kama Giardia, na maji yanayong'aa hayakuonyeshi chochote. Dalili za Giardia huanza wiki moja au mbili baada ya kunywa, ndiyo sababu mtu husema alikunywa kwa siku kadhaa bila kudhurika. Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika zaidi: dakika 1 baada ya maji kutokota, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Vichujio vidogo vya nyuzi huzuia bakteria na vimelea lakini virusi hupita, na vikiganda kwa baridi nyuzi hupasuka bila dalili yoyote kwa nje. Usiku wa baridi kali, lala na kichujio chako ndani ya mfuko wa kulalia. Vidonge vya klorini dioksidi ni vyepesi kubeba, ila huhitaji nusu saa kwa Giardia na saa nne kwa Cryptosporidium, kimelea kingine cha majini.

Kuhusu kiasi, kumbuka kwamba lita moja ni kilo moja. Soma ramani asubuhi ujue chanzo kinachofuata kiko wapi, kunywa ushibe pale pale kwenye kijito, kisha ubebe ya kukufikisha mbele na akiba kidogo.

Swali: *Naona haya kuuliza, lakini sijaona pa kuuliza kwingine. Mwanamke hufanyaje anapohitaji kwenda haja, na siku za hedhi nyikani huzipitaje?*

Jibu: Dada yangu, umeuliza jambo ambalo kila msafiri analihitaji na wachache hulisema. Kwa haja kubwa, ondoka mita 60 au zaidi kutoka kwenye maji, njia na kambi, uchimbe shimo lenye kina cha sentimita 15 hadi 20 katika udongo mweusi wenye mboji, kwa kuwa udongo huo ndio wenye viumbe vinavyoozesha, kisha ufukie vizuri. Karatasi usiizike, iweke kwenye mfuko unaofungika, nawe utaitupa mjini. Panapokuwa na mwamba mtupu, theluji au jangwa, sheria za maeneo mengi hukutaka ubebe kinyesi chenyewe katika mifuko maalumu, na sheria hizo ni za haki, kwa kuwa mahali hapo hakiozi.

Nawa mikono kwa sabuni na maji, mbali na kijito. Dawa ya mikono ya alkoholi haiviui vizuri virusi vya norovirus, ambavyo husambaa kwa kasi katika kambi ambamo watu hushiriki mfuko mmoja wa karanga. Mwombe mwenzako akumiminie karanga mkononi badala ya kuingiza mkono mfukoni mwake. Nina hakika magonjwa mengi ya tumbo yanayolaumiwa maji huletwa na mikono.

Kuhusu hedhi, wanawake wengi wa njia ndefu hutumia kikombe cha hedhi, kwa kuwa hakiachi taka, ila kinahitaji maji yaliyotakaswa na mikono safi, na ni vyema kukizoea nyumbani miezi miwili mitatu kabla ya safari. Ukitumia pedi au tamponi, zilizotumika zifunge katika mfuko usioonyesha ndani, uutie ndani ya mfuko wa pili, na usiku uuweke pamoja na vitu vyenye harufu. Usizizike, maana wanyama huzifukua. Nakuomba uzingatie pia jambo hili: hedhi ikikatika njiani kwa mwezi mzima au zaidi na hakuna ujauzito, huenda mwili unakwambia kwamba unatumia nguvu nyingi kuliko unachokula. Wengi huifurahia hali hiyo kama nafuu, kumbe mifupa inadhoofika. Ongeza chakula, punguza kilomita, na umwone daktari ukifika mjini.

Swali: *Mvua ikinyesha siku nne mfululizo, mtu hufanya nini? Hapo ndipo nadhani ningekata tamaa.*

Jibu: Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na sikulaumu kwa kuhofia. Hakuna koti la mvua litakalokuacha mkavu kwa siku nne. Jasho lako litafanya kazi ambayo mvua imeshindwa. Lengo basi si kuwa mkavu ukitembea. Lengo ni kuwa na joto ukitembea na kuwa mkavu ukilala.

Kanuni yake ni moja na haina msamaha: nguo za kulalia, soksi zikiwemo, hazivaliwi njiani kamwe. Asubuhi ya siku ya pili ya mvua, utatoka katika mfuko wenye joto, uvue nguo kavu, uzifunge katika mfuko wa plastiki, kisha uvae zile zilizolowa jana, zikiwa baridi mgongoni. Dakika tano hizo ni ngumu kuliko mlima wowote. Anayezikwepa kwa kutembea na nguo kavu hufika jioni akiwa hana kitu chochote kikavu, na usiku huo ndio wa hatari. Weka mfuko mkubwa wa plastiki ndani ya shanta na utie vitu vyako humo, kwa kuwa kifuniko cha nje hupitisha maji mgongoni. Funga kila kitu ukiwa bado ndani ya hema, na hema liwe la mwisho, likikunjwa na kufungwa nje ya mfuko huo mkavu.

Usivae pamba. Pamba ikilowa hung'ang'ania maji na kunyonya joto la mwili, ilhali sufu huendelea kutoa joto hata ikiwa na unyevu. Baridi inayoua haihitaji barafu. Mvua, upepo na nyuzi 10 za selsiasi vinatosha kwa mtu aliyechoka na mwenye njaa. Mwangalie mwenzako: akishindwa kufunga zipu yake, akijikwaa mahali tambarare, maneno yakianza kumlegea mdomoni, msisubiri kufika kambini. Pigeni hema hapo hapo, mvueni nguo zilizolowa, mwingizeni katika mfuko wa kulalia, na kama yuko macho na anaweza kumeza vizuri, mpeni kitu cha moto chenye sukari. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na amechanganyikiwa, hali yake imekuwa mbaya zaidi, na huo ni wakati wa kuita msaada.

Swali: *Mimi na mume wangu tunataka kwenda pamoja, lakini yeye hutembea upesi kuliko mimi. Tumeshagombana kwa sababu hiyo hata katika matembezi ya nusu siku.*

Jibu: Mgombano huo ni wa kawaida, na ufumbuzi wake uko kwenye makubaliano ya kabla ya kuondoka. Yapo mawili yanayofaa. La kwanza ni wewe kutangulia na yeye kufuata mwendo wako. La pili ni kila mmoja kwenda kwa mwendo wake na kukutana mahali palipotajwa: kila njia panda, kila mto, na kila baada ya muda fulani. Mkichagua la pili, kila mmoja abebe maji yake, chakula chake, nguo za joto, ramani na tochi yake, wala msigawane hema kiasi kwamba mmoja ana vitambaa na mwingine ana nguzo. Na mumeo asije akasimama kukusubiri kisha akaondoka mara tu unapofika. Hakuna kinachouma kama hicho. Akishapumzika, nawe upumzike ndipo muendelee.

Swali: *Nina umri wa miaka 63, nimestaafu, na watoto wangu wananiambia nimechelewa. Je, wana haki? Na nitajuaje wakati wa kuacha?*

Jibu: Mama, shikamoo. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11, aliitembea Appalachian Trail yote akiwa na umri wa miaka 67. Alivaa viatu vya raba na kubeba begani upande mmoja mfuko aliojishonea mwenyewe, bila hema wala mfuko wa kulalia; mvua aliikinga kwa pazia la bafuni la plastiki. Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu akapotea na kurudi nyumbani. Sikushauri uige vifaa vyake, kwani hema jepesi na mfuko wa kulalia vimeokoa wengi, lakini umri pekee haukukatazi.

Hata hivyo watoto wako wana neno. Inakadiriwa kwamba kati ya wanaoanza njia hiyo wakikusudia kuimaliza kwa mkupuo, ni mtu 1 hivi kati ya 4 anayefika, na vijana wamo katika wanaorudi. Pimwe moyo na shinikizo la damu kabla ya kupanga lolote. Kisha, kwa miezi mitatu au minne, tembea ukiwa na shanta lenye mzigo ule ule utakaobeba, upande na kuteremka ngazi au vilima, kwa kuwa magoti huumizwa zaidi na mteremko kuliko na mlima. Fimbo mbili za kutembelea hupunguza mzigo huo. Achia watoto ratiba ya vituo vyako, na mkubaliane ni baada ya saa ngapi za kimya ndipo watoe taarifa. Kwa kuwa simu haishiki sehemu nyingi za nyika, beba kifaa cha dharura cha setilaiti. Mfumo wa kimataifa unaopokea ishara zake umekuwa ukiokoa watu tangu mwaka 1982.

Kuhusu kuacha, tenganisha maumivu na huzuni. Ukihuzunika, usiamue jioni, wala ukiwa na njaa, wala mvuani. Fika mjini, oga, kula, lala usiku mbili, kisha ujiulize. Ukiona bado hutaki, rudi kwa amani. Lakini maumivu yanayokufanya uchechemee, yanayokaa mahali pamoja juu ya mfupa na kuendelea hata usiku ukiwa umelala, hayasubiri mji wa tatu. Toka njiani kwenye barabara ya kwanza utakayofikia, ukapigwe picha ya mfupa. Ufa uliogunduliwa mapema huhitaji wiki kadhaa za kupumzika, na wapo waliorudi baadaye mwaka huo huo wakaanzia pale pale walipoachia.